Boza la Mjomba Njiku

Mungaa, Jumapili jioni

Mwanangu Elinami,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua, naisikia hapa nilipo. Uko jikoni na mama yako, mnabishana habari ya kuku wa safari. Yeye anataka wawe wawili, wewe unasema basi zima litanuka kuku kutoka Singida mpaka Mwanza. Utashindwa tu. Mimi nimeshindwa na mwanamke huyo tangu hujazaliwa, na barua hii inahusu siku moja niliyojifanya nimemshinda.

Nimekaa karakana, kwenye kile kiti cha gari kisicho na gari. Nimewaaga kwamba natengeneza pampu ya mwalimu mkuu. Uongo. Pampu ya mwalimu ilipona Alhamisi, iko hapo pembeni imefungwa na kufutwa vumbi. Nataka niandike kabla jua halijazama, maana taa ya humu unaijua, na macho yangu unayajua pia.

Sitakuambia ulale mapema, ufunge mlango, uende kanisani, uchague marafiki. Hayo mama yako ameshakuambia, mengine mara mbili mbili, na shangazi yako atayarudia kesho stendi kwa sauti kubwa mbele za watu mpaka utamani ardhi ipasuke. Wala sitakufundisha klipu, nati na gundi. Chuo kimekufundisha, na mengine sasa unanizidi, ingawa nikisema hivyo mbele yako utavimba kichwa. Nataka kukuambia jambo ambalo nilitakiwa kukuambia ukiwa na miaka minane.

Ijumaa, baada ya chakula, ulitandaza mchoro wako mezani, ukaweka vikombe pembeni upepo usiupeperushe, ukaanza kunieleza ile boti. Jamani, nilicheka. Sisi huku tumemaliza ujana wetu tukihangaika kuyafikisha maji kwa watu, na wewe unaniambia Mwanza kuna mtu ana boti ya kutembezea wageni, iko juu ya ziwa zima la maji, na anataka fundi ayaingize maji ndani ya boti kwa pampu. Ili iweje? Ili boti iwe nzito nyuma, ikae chini, ikikimbia iache wimbi kubwa, na vijana wasimame juu ya ubao wateleze kwenye wimbi hilo. Nikakuuliza, "Yaani wanataka boti izame kidogo?" Ukasema, "Ndiyo baba, kidogo tu." Mama yako akatikisa kichwa, akasema kweli watu wengine hawana kazi za kufanya.

Ukanionyesha tundu la kuingizia maji chini ya boti na koki yake. Ukanionyesha pampu ya kujaza na pampu ya kutoa, na ule mpira wa kupumulia unaopanda juu kuliko maji ya nje, ili ziwa lisije likajivuta lenyewe likaingia ndani. Kila ulipoweka kidole niliona kwamba umefikiri. Nilifurahi, nisikufiche. Nilitamani jirani yeyote apite aone. Halafu kidole chako kikafika nyuma ya boti, kwenye tangi. Tangi moja pana, kutoka ubavu hadi ubavu, ndani halina ukuta wowote. Na mwenye boti anataka mteja ajaze kiasi anachopenda, robo, nusu, hata robo tatu.

Nikasema, "Tangi moja tu?"

Ukasema, "Moja ndiyo rahisi baba. Viungo vichache, pa kuvujia pachache." Hayo ni maneno yangu mimi, ulinirudishia.

"Na yakiwa nusu, yakicheza?"

Ukacheka. Ukasema, "Baba, lile boza lenu la maji si lilikuwa tangi moja? Na lilikuwa zima. Mjomba Njiku ndiye aliyekimbiza. Wewe mwenyewe ulisema."

Nikaacha kuutazama mchoro. Ulidhani nimekasirika kwa sababu unakwenda mbali, ukanishika bega, ukaniambia utapiga simu kila Jumapili. Sikukasirika, mwanangu.  Uongo nilioutoa miaka kumi na minne iliyopita ulikuwa umekaa pale mezani katikati ya vikombe, umegeuka kuwa hesabu ya fundi. Na juu ya hesabu hiyo watakaa watu wanane na nahodha wao, katikati ya ziwa.

Tangu siku hiyo nimejaribu kukuambia mara tatu. Mara ya kwanza nilikufuata kisimani, nikaishia kukusifia ndoo mpya. Mara ya pili niliingia jikoni nikaomba chumvi, na mama yako akaniuliza chumvi ya nini wakati nakunywa chai. Mara ya tatu ilikuwa leo kutoka kanisani, ukanishika mkono njia nzima kama ulivyokuwa ukifanya zamani, nikaona nikifungua mdomo utauachia. Ndiyo maana naandika.

Sasa nisikilize. Unamkumbuka mjomba wako wa zamani, kabla ya fimbo? Sidhani. Wewe unamkumbuka mtu wa Rungwa anayekuja msibani, anakaa pembeni, anaondoka mapema. Mimi nitakuambia alivyokuwa. Njiku, kaka yake mama yako, wa tumbo moja, alikuwa mtu wa kelele. Akiwa bado kule kwenye miamba, ng'ambo ya korongo, ulikuwa unasikia honi yake, na wewe ulikuwa unatupa chochote ulichoshika, kijiko, kiatu, daftari, unakimbia. Alikuwa anakupakata kwenye usukani akikuachia upige honi mpaka kuku wote wakimbilie kwa jirani. Siku moja alitupakia wote kwenye pikapu, mimi, wewe, mama yako na bibi yako, akatupeleka mjini tukaone ziwa Singidani. Ulisimama pale ukingoni, miguu imejaa matope meupe, ukauliza, "Nani kayamwaga yote haya?" Mjomba wako alicheka akakaa chini. Miezi mingi baadaye, akifika hapa uwanjani na kuona maji yamemwagika, alikuwa anauliza kwa sauti ile ile yako, nani kayamwaga yote haya. Nimekaa hapa nacheka peke yangu.

Wazo la boza lilikuwa la kwetu wawili. Pikapu yake, tangi langu. Kiangazi kile visima vya Ihanja vilikuwa vimekauka, wanawake walikuwa wanaamka na giza kufuata maji, na sisi tulikuwa na kisima chenye pampu hapa. Tukasema tutabeba maji tuwapelekee kijiji kwa kijiji. Nilikata mabati ya chuma, nikayachomelea siku sita, hapa hapa nilipokaa. Wewe ulikuwa unaingia ndani ya tangi na kuimba ili usikie sauti yako inavyorudi. Lilikuwa tangi zuri, Elinami. Mpaka leo sijachomelea kitu chenye mistari iliyonyooka vile. Sikuacha hata tundu la sindano.

Siku ya saba mama yako alitoka kisimani, ndoo kichwani, akasimama mlangoni kutazama. Juu ya maji kulikuwa na vitawi vya majani, kama wanavyoweka wanawake wote wa huku, ili maji yasirukeruke njiani. Umeona hilo maisha yako yote, umelifanya mwenyewe ukiwa na kindoo chako cha rangi ya bluu. Akachungulia ndani ya tangi, akasema kwa Kinyaturu, nami naandika kwa Kiswahili, "Baba Elinami, humu ndani kutupu hivi, maji yatatulizwa na nini? Sisi tunaweka majani."

Nilicheka. Tena nilicheka kwa sauti, na Njiku alikuwepo, na fundi mwenzangu mmoja alikuwepo. Nikasema, "Mnasikia? Mke wangu anataka nitie majani kwenye boza." Wakacheka.  Mama yako alishika ndoo yake vizuri akaenda zake nyumbani, na wala maji hayakudondoka hata tone.

Kosa langu halikuwa kutojua, mwanangu. Kutojua kunasameheka, sote tunaanza hatujui. Kosa langu ni kwamba nilikuja kujua, nikanyamaza. Siku mbili baada ya hapo nilichukua pikapu nikajaza maji, nikaenda kujaribu njia ya kuelekea Ikungi. Tangi likiwa limejaa pomoni, gari lilikuwa zito lakini limetulia. Nikamwaga nusu kwa watu waliokuwa wanajenga kanisa, nikageuza kurudi. Kwenye kona ya kwanza nilisikia kitu nyuma yangu kinahama. Niligeuza usukani kulia, na maji yote yakaenda kushoto, yakafika ukutani, yakasukuma. Gari likalala upande. Nikarudisha usukani, nayo yakanifuata upande wa pili kwa nguvu zaidi. Tairi mbili ziliacha ardhi, Elinami. Nilizisikia zikirudi chini. Nilisimamisha gari, nikashuka, nikazunguka kukagua tairi moja moja.

Nilipofika nyumbani Njiku akauliza, "Vipi shemeji, linaendaje?"

Nikasema, "Safi. Utalizoea."

Basi. Hayo ndiyo maneno yenyewe. Nilijua kwamba linahitaji kuta ndani, mabati mawili matatu yenye matundu ya kupitisha maji polepole. Lakini bati lilikuwa limeisha, na kulikata tangi lile zuri kungekuwa kukiri mbele ya watu kwamba mwanamke mwenye ndoo aliona nisichokiona mimi fundi. Nikajiambia Njiku ni dereva hodari. Nikajiambia nitalikata baada ya mavuno. Alizeti ikavunwa, nikajiambia baada ya mvua.

Miezi mitatu aliliendesha. Na alilizoea kweli, maskini, alikuwa anaenda kwenye kona kama mtu aliyebeba mayai. Wanawake wa Ihanja walikuwa wanampenda, wakisikia honi wanatoka na ndoo wanaimba. Ile harufu ya vumbi lililoloa pale boza liliposimama, mpaka leo nikiisikia baada ya mvua ya kwanza namkumbuka amekaa juu ya boneti, anakula muwa, anataniana na bibi vizee.

Siku yenyewe alikuwa ameacha nusu ya maji shuleni, nusu nyingine anaipeleka kwenye harusi. Kwenye mteremko wa korongo mbuzi wakaingia barabarani. Mwendo wake ulikuwa wa kawaida, wachungaji wawili waliona na waliniambia mimi. Alikwepa, akarudisha, maji yakafanya kazi yao. Boza lilipinduka, likamlalia kiunoni. Wachungaji ndio waliolisukuma. Alipoletwa hapa kwanza, kabla ya hospitali, wewe ulikimbia kwa kuwa ulisikia gari, ukadhani ni yeye anakuja. Mama yako ndiye aliyekuziba macho.

Alilala hospitali muda mrefu. Alipotoka na fimbo, wazee wa ukoo wakaita kikao, kama ilivyo desturi, ili ijulikane kilichotokea na watu wasije wakaanza kusema ni mkono wa mtu. Tulikaa uwanjani kwa babu yako. Mzee mmoja akaniuliza mimi kwanza, kwa kuwa mimi ndiye fundi. "Baba Elinami, chombo kilikuwa kizima?"

Nikasema, "Tangi lilikuwa zima, wazee. Ni mwendo."

Nilimwangalia mama yako. Alikuwa amekaa na wanawake, wewe umelala mapajani mwake. Alinitazama, halafu akatazama chini. Angeweza kusema. Upande mmoja mumewe, upande mwingine kaka yake, na mtoto mapajani. Nilimtupia mzigo huo bila kumuuliza, na ameubeba mpaka leo.

Kisha wakamgeukia Njiku. Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno yangu ya kifundi tayari. Hakubisha. Alisema, "Kama fundi amesema tangi lilikuwa zima, basi nilikimbia. Sikumbuki vizuri. Nisameheni." Aliniamini, Elinami. Aliniamini kuliko alivyoiamini miguu yake mwenyewe juu ya breki.

Hakuwahi tena kushika usukani. Watu hawakumtenga, lakini unajua maneno ya watu. Dereva wa mwendo kasi. Yule aliyemwaga maji ya harusi. Hata wewe, ulipokuwa na miaka kumi, alikuja siku ya Noeli na ulikaa mbali naye, na alipokuita umkalie pajani ulisema, "Sitaki, mjomba anakimbiza." Ulikuwa mtoto, huna kosa. Mimi nilikuwa nimekaa pale na kikombe cha chai mkononi. Nilikunywa chai. Mwaka uliofuata akahamia Rungwa kwa rafiki yake mwenye mizinga ya nyuki, huko ambako hakuna anayemjua na hakuna gari la kuendesha. Kila mwaka anakutumia lile dumu la asali kwa kondakta, jina lako limeandikwa kwa mkaa. Wewe unaipenda, unailamba kwenye kidole. Mimi nimekuwa nikisema sipendi vitu vitamu. Huo nao ni uongo. Napenda asali sana.

Nililichukua tangi lile nikalikata vipande. Boza la pili nililijenga la kukokotwa na trekta, na ndani niliweka kuta tatu zenye matundu, bila kumwambia mtu. Likatulia. Watu wakanisifu, wakasema fundi amekua. Siku nilipokuwa nachomelea ukuta wa mwisho mama yako alipita, akachungulia kama siku ile.

Akasema, "Kumbe umeweka majani."

Akaenda zake. Ni hayo tu aliyowahi kusema juu ya jambo hili, kuanzia siku hiyo hadi leo hii. Afadhali angenipiga kwa mwiko.

Sasa rudi kwenye boti yako. Maji nusu kwenye tangi pana hayakai yanapowekwa. Boti ikikata kona, ikilala upande kidogo, maji yote yatakimbilia upande huo huo na kuilaza zaidi, na yale ya nje yatakuwa yanangoja kuingia. Kwenye barabara mimi nilikuwa na ardhi ya kunipokea. Wewe utakuwa na watu wanaocheka, muziki umefunguliwa, pengine mtoto wa mtu amekaa ukingoni. Gawa tangi, mwanangu. La kulia liwe la kulia, la kushoto liwe la kushoto, lisipitishe maji kwa mwenzake, na ndani uweke kuta. Na wakitaka kujaza nusu, waonyeshe kwa vitendo kabla hujamaliza kazi, boti ikiwa imefungwa ufukweni, watu wote wakiwa nje. Nimesema sitakufundisha ufundi, na tazama, nimefundisha. Nivumilie, hili moja tu.

Mwenye boti akikataa, akikuambia wewe ni mgeni na tena ni msichana, sijui utafanya nini. Ningependa kukuambia simama imara, lakini mimi nina haki gani ya kusema hivyo? Mimi nilishindwa kusimama mbele ya shemeji yangu anayenipenda, uwanjani kwangu, kwa ajili ya vipande vya bati. Ninachokijua ni kimoja. Jambo hili lingeniaibisha kwa jioni moja tu. Wangecheka, Njiku angenitania mwezi mzima, mama yako angetembea na maringo wiki mbili, ningekata tangi, yakaisha. Badala yake nimekaa nalo mpaka wewe umekua, na limekufikia mezani likiwa limevaa nguo za ukweli. Ukija kukosea, na utakosea, wewe ni binti yangu, sema siku hiyo hiyo.

Na nyumbani ni nyumbani. Kazi ile ukiiacha kwa sababu hiyo, rudi kwa basi la mchana watu wakuone, tutachinja.

Nilifikiri barua ingeishia hapa. Nilikuwa nimeshaandika jina langu. Halafu mama yako akaingia na chai. Hakugonga, kwa kuwa huu mlango hauna pa kugonga. Akaitazama pampu ya mwalimu imefungwa, akatazama karatasi.

"Unamwandikia mtoto?"

"Ndiyo."

"Habari ya boza?"

"Umejuaje?"

"Ijumaa nilikuwepo mezani. Nina macho." Akaweka kikombe, akakaa juu ya ndoo ya rangi. "Umeandika yote? Hata ile siku uliyoenda kujaribu?"

Nilishtuka. Sikuwahi kumwambia habari ya siku ile. Akasema, "Ulirudi suruali imelowa jasho mpaka magotini na hukula. Nilijua." Kisha nikakusikia jikoni unapiga mluzi. Akasema, "Huyu unamwandikia ili asizamishe watu. Ni vizuri. Na Njiku je? Yeye utamwambia lini? Amezeeka kule, Baba Elinami. Kila akipiga simu ananiuliza kama watu wa Ihanja bado wamemkasirikia. Kaka yangu anaamini kiuno chake alikivunja mwenyewe."

Nikasema nitamwandikia na yeye.

Mama yako akasema, "Hapana. Huyu ni wa kuandikiwa, anaenda mbali na anasoma haraka. Yule utamwambia kwa mdomo, na mimi nitakuwepo, maana na mimi nilitazama chini." Hapo alilia, Elinami. Nami nililia. Wewe ulikuwa unaita kutoka jikoni kuuliza kitunguu kiko wapi, na wala hakuna aliyekujibu.

Kwa hiyo sikiliza tulivyopanga. Kesho nitakupa barua hii mkononi, nitakuambia uisome ukishakaa. Nimekaa nikifikiria uso wako dirishani, lakini nitakupa. Ukifika hapa utakuwa umeshajua baba yako ni mtu wa namna gani. Ukitaka kukaa kimya wiki moja, kaa. Hata mwezi. Usipige Jumapili kama moyo hautaki. Ila nakuomba usiache kumpenda mama yako kwa ajili ya kosa langu, na tangi uligawe hata kama umenikasirikia.

Basi lako likishaondoka, sisi haturudi Mungaa. Shangazi yako atalisha kuku. Mimi na mama yako tutavuka stendi tupande gari la Itigi, na kutoka Itigi tutatafuta usafiri wa Rungwa, tulale njiani ikibidi. Yeye ameshafunga nguo zake. Nilikuta kifurushi chake nyuma ya mlango, na nilipokishika kilikuwa na vumbi juu, sijui kimefungwa tangu lini.

Tangu mama yako atoke humu nimekuwa nikifanya mazoezi ya nitakachosema. Mwanzo nilikuwa na maneno mengi, bati lilikuwa limeisha, nilikuwa kijana, kiangazi kilikuwa kikali. Nimeyafuta moja moja kwa kalamu hii. Nitamwamkia, nitamshika mkono wake usio na fimbo, na kabla hajanikaribisha kukaa nitasema: Shemeji, gari lile hukuliangusha wewe. Nililiangusha mimi, nikiwa bado karakana, kabla hujaliwasha.

Baba yako